Baiskeli ya umeme: Itawafaa watu wa Matulo?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi watu wa pwani twaijua kauli hiyo kuliko wengine, kwani vitu vingi vya kigeni hushukia kwetu Kilindini kwanza, tukavitazama na kuvisema, ndipo vikaendelea na safari ya bara. Lakini chombo ninachotaka kukieleza leo sikukiona Mombasa. Nilikiona Matulo, karibu na mji wa Webuye, katika kaunti ya Bungoma.

Ni baiskeli ya mlimani yenye mota ya umeme, na ina shokomzoba mbele na nyuma. Mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko afanyaye kazi Ulaya, naye aliileta kwa meli pamoja na vyombo vyake vya nyumbani. Alipokuwa akijitayarisha kurudi Ulaya alitaka kuiuza. Mpwa wake, kijana wa bodaboda ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, aliitamani hata akawa tayari kuuza pikipiki yake ili ainunue.

"Mzee," aliniambia, "wewe umeendesha baiskeli tangu utoto, na katika biashara hii huna faida wala hasara. Ipande, kisha uniambie kweli."

Basi jambo halikuwa mchezo. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha mkewe na watoto wao wawili. Nikaipanda baiskeli siku mbili, asubuhi na jioni, na haya ndiyo niliyoyaona.

VIJIA VYENYEWE

Asiyefika huko asidhani kuwa nazungumzia barabara. Mji wa Webuye uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukienda Kitale wazidi kupanda hadi karibu mita 1,900. Kati ya mashamba ya mahindi na miwa mna vijia vya udongo mwekundu. Wakati wa masika matrekta ya miwa huchimba mifereji miwili humo, kisha jua likiwaka mifereji hiyo hukauka ikawa migumu kama tofali. Kijia chateremka hadi kwenye kijito, chavuka juu ya magogo, halafu chapanda tena upande wa pili. Na kwa mbali waviona vilima vya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza.

Tena watu wa huko si wageni wa baiskeli. Mpakani Busia, katika miaka ya 1960, ndiko vijana walikoanza kuwapakia wasafiri nyuma ya baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita "boda, boda!" Jina likaenea Afrika Mashariki nzima. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, nazo zikamiminika vijijini. Baiskeli zikasukumwa kando, na mafundi wake pamoja nazo.

NGUVU YA MGUU NA YA MOTA

Mota ya baiskeli hii imewekwa katikati, pale penye pedeli. Haina mkono wa kuzungusha kama pikipiki. Ukikanyaga, kipimo kilichomo ndani hutambua nguvu ya mguu wako, na mota huongeza yake. Ukiacha kukanyaga, nayo huacha. Baiskeli za namna hii, ambazo mota humsaidia mguu, zilitangulia kuuzwa na kampuni ya Yamaha huko Japani mwaka 1993. Sheria za Ulaya zaruhusu mota ya wati 250, na msaada wake ukome mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa.

Wati 250 ni kitu gani? Na tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima asiye mwanariadha hutoa kwa miguu yake karibu wati 100 kwa muda mrefu. Mpandaji na baiskeli wakiwa kilo 100, kupanda mlima unaoinuka mita 10 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 6 tu kwa saa, huhitaji zaidi ya wati 160. Ndiyo sababu watu hushuka wakasukuma. Ongeza mota, na hesabu yageuka.

Nami niliona yakigeuka. Umri wangu umepita hamsini, lakini kilima kinachotoka kijitoni, ambacho vijana wa huko hukisukumia baiskeli, nilikipanda nimeketi, nikiitikia salamu za akina mama waliokuwa wakipalilia.

Shokomzoba nazo zilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Hizi ni za hewa, na kila moja hujazwa kwa pampu yake maalumu kulingana na uzito wa mpandaji: ukiketi, inapaswa izame karibu robo au thuluthi ya mwendo wake. Zikipimwa vizuri, mgongo hupona. Lakini faida yake si starehe tu. Njia ikiwa na mashimo, gurudumu gumu la nyuma hurukaruka, na likiwa hewani halisukumi kitu. Gurudumu hili lilifuata ardhi kama kivuli, kwa hiyo nguvu ya mota haikupotea. Kwenye mteremko, breki za diski zinazotumia mafuta zilinishika kwa kidole kimoja, hata udongo ulipokuwa umelowa. Anayezijua breki za vyuma za baiskeli zetu za kale siku ya mvua ataelewa furaha yangu.

Betri ilikuwa ya wati-saa 500, yaani yaweza kutoa wati 250 kwa muda wa saa mbili. Kuipandisha ile mizigo ya kilo 100 mita 300 juu hula zaidi ya wati-saa 80, na ukihesabu kinachopotea motani yafika kama 100. Siku ya kwanza nilikwenda kilomita 38 za kupanda na kushuka, na thuluthi ya betri ikabaki. Kuijaza tena, kwa bei za umeme za miaka hii, hakufikii shilingi 20. Kijana aliposikia hivyo macho yalimng'aa, kwani petroli aijua bei yake.

SWALI LA FUNDI

Jioni ya pili tuliipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mti hapo sokoni. Aliizunguka mara mbili, akaigusa mnyororo, akaibonyeza kiti. Kisha akauliza, "Ndugu yangu, keria iko wapi?"

Vijana waliosimama hapo walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mzee alikuwa amegusa penyewe. Baiskeli yenye shokomzoba nyuma, sehemu yake ya nyuma hupanda na kushuka, kwa hiyo keria ya kawaida haina mahali pa kufungwa imara. Tena watengenezaji wa baiskeli kama hizi huweka kikomo cha uzito wote pamoja, kwa kawaida kati ya kilo 120 na 150. Baiskeli yenyewe ni kilo 25. Mweke juu yake mtu wa kilo 70: umebakiwa na mzigo usiozidi kilo 55, na kwa nyingine 25 tu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kule Matulo baiskeli kuukuu, ile waiitayo Black Mamba, hulibeba gunia hilo huku mwenyewe akisukuma pembeni.

Mzee akaendelea. Spana zake hazikupata pa kushika, maana karibu kila parafujo ina tundu la pembe sita. Tairi nazo ni pana, za inchi 29, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 622, hali ile ya baiskeli ya kawaida ya 28 ni milimita 635. Hakuna tairi dukani Webuye ya kuazimana. Na diski zikiishiwa vibao vyake, kijana atavingoja kutoka Nairobi au ng'ambo.

Kisha betri. Betri ya lithiamu ya aina hii huanza kuchoka baada ya kujazwa mara 500 hadi 1,000. Msafiri haruhusiwi kuingia ndegeni na betri inayozidi wati-saa 160, na hii ni zaidi ya mara tatu yake. Kwa hiyo mjomba hawezi kuitia nyingine sandukuni akija likizo. Itakuja kwa meli, kama bidhaa ya hatari, na gharama zake. Ama baiskeli yenyewe, mpya huuzwa Ulaya kwa maelfu ya euro, fedha zinazoweza kununua pikipiki mbili au tatu.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Haya hayana maana kwamba umeme haufai vijijini. Jijini Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiendesha pikipiki za umeme ambazo betri yake ikiisha hubadilishwa kituoni, dereva akaenda zake. Huko Zimbabwe wanawake wa mashambani wamepewa baiskeli za umeme za magurudumu matatu za kubebea mazao. Na karibu zaidi, Kisumu, huunganishwa baiskeli iitwayo Buffalo, isiyo na umeme wala shokomzoba, lakini keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100. Wote hao walianza na mzigo, ndipo wakatafuta chombo.

Na kwetu pwani je? Tairi pana kama zile zingetembea vizuri katika mchanga wa njia za Lamu, na mwenye kupenda matembezi angeifurahia katika vilima vya Shimba. Lakini chumvi ya bahari ni adui wa bolea na wa viungo vya umeme. Atakayeinunua aioshe kwa maji baridi kila atokapo ufukweni, na asiilaze uani penye upepo wa bahari.

NILIYOMWAMBIA KIJANA

Usiku ule, baada ya chakula, nilimpa jibu lake mbele ya mjomba wake. Nilisema kwamba kwa kupanda vijia sijapata kuona baiskeli ya kuishinda, na mtu mwenye kazi nyingine, atakaye kwenda Chetambe au maporomoko ya Nabuyole kwa raha zake, ana haki ya kuitamani. "Lakini wewe, mwanangu, wala kwa kubeba. Hii haitabeba abiria wala gunia. Usiuze pikipiki."

Kijana alinyamaza. Mjomba, ambaye nilidhani atakasirika, aliuliza kama kuna dawa. Nikamweleza kuwa Ulaya huuzwa pia mota zinazofungwa katika baiskeli ya kawaida, penye pedeli au ndani ya gurudumu, na kwamba fremu ya chuma yenye keria tayari ipo Matulo, na fundi wake yupo. Betri bado ingekuja kwa meli, lakini siku itakapochoka baiskeli ingebaki baiskeli.

Asubuhi niliyoondoka kijana alikuwa ameshatoka na abiria wa kwanza. Mjomba nilimwacha amechuchumaa sokoni karibu na yule mzee, wameipindua Black Mamba magurudumu juu, wakipima kwa rula upana wa bomba la pedeli.