Kompyuta Ishuke Shambani Ntimaru

Mwalimu wa Ntimaru akisomesha kompyuta bila kulitaja shamba la mihogo lililo nje ya darasa, amefundisha nusu ya somo. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na taasisi ya IITA, ilifunzwa kwa maelfu ya picha za majani. Hutambua batobato na michirizi ya kahawia hata pasipo intaneti.

Lakini utambuzi si tiba. Virusi hivyo havina dawa ya kunyunyiza. Kinga ni kung'oa mimea iliyougua na kupanda pingili safi. Je, mkulima atazipata wapi?

Walimu na wanafunzi, anzisheni kitalu shuleni. Mashine ionyeshe ugonjwa, mikono yetu itoe mbegu.