Kabla ya kuvunja ukuta wa ploti, soma kwanza rekodi ya kodi kwenye simu

Ploti nyingi za zamani Kawangware zimepangwa vile vile: ujia mwembamba katikati, vyumba vya kumi kwa kumi vikitazamana, choo na bafu kule mwisho. Mwenye ploti akiziona bedsita zikiinuka jirani, anatuuliza, "Nikiunganisha vyumba viwili niweke choo ndani, si nitapata zaidi?"

Pengine. Tupige hesabu. Tuseme una vyumba 10, kila kimoja shilingi 4,000. Vyote vikilipa, mwezi unakupa 40,000. Ukiviunganisha viwili viwili unabaki na bedsita 5. Ukizikodisha kwa 8,000 umerudi pale pale kwenye 40,000, na bado hujanunua bomba hata moja. Mjengo utaanza kukulipa tu bedsita ikipita 8,000, na si kila mtaa unafika hapo.

Tena hiyo 40,000 yenyewe huenda ni ya kichwani. Fungua taarifa ya miamala yako ya miezi 12 uone. Kama wapangaji wanalipa kwa paybill na kuandika namba ya chumba kwenye sehemu ya akaunti, utajua chumba gani kilikaa bure, kipi kinalipa nusu nusu na kipi kinabadilisha watu kila mara. Kama kodi inaingia kwa laini yako ya kawaida, ikachanganyika na pesa ya chama na ya shosho, rekodi haitakuambia kitu. Tenganisha leo, ungoje miezi kadhaa, ndio uite fundi.

Huenda ukagundua kwamba wanaohama hawakimbii udogo wa chumba. Wanakimbia foleni ya choo asubuhi. Basi jaribu hesabu nyingine: toa chumba kimoja kiwe choo cha pili, bafu na mahali pa kufulia. Unapoteza 4,000. Vyumba 9 vilivyobaki vikiongeza 500 kila kimoja, unapata 4,500, na hujafukuza mtu. Faida ya 500 ni ndogo, kweli, lakini vyumba visipokaa bure utaiona tofauti. Uliza mapema tu maji machafu yataenda wapi: kuna laini ya sewa karibu, au ni shimo la kunyonywa na lori? Na je, lori linaweza kufika?

Kibera mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, kwa hiyo mwenye nyumba ana nyumba lakini hana hati ya shamba. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Sisi hatungezika akiba ya miaka kumi kwenye zege huko. Mabati mapya, dirisha, mlango imara, mtaro wa maji ya mvua: hivyo hurudisha pesa haraka, na vingine unaweza kung'oa uende navyo. Na usiguse ukuta wa udongo kabla fundi hajakuonyesha ni nguzo zipi zinazobeba paa.

Kuna pia KRA. Vyumba 10 vya 4,000 ni 480,000 kwa mwaka, na kodi ya nyumba za kuishi ikipita 288,000 kwa mwaka, ushuru wake tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Hapo ni 3,000 kila mwezi. Ushuru huo hukatwa kwa kodi yote iliyoingia, kwa hiyo simiti na fundi havipunguzi kitu. Wengi huchomekea hapo.

Anza na vyumba vilivyo wazi. Mpangaji anayelazimika kuhama mpe notisi ya maandishi na umrudishie dipoziti kwa simu, ili nyote mbaki na ujumbe. Kwa nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, sheria haikuruhusu kumtoa mtu kwa neno lako tu. Kuna baraza la kesi za kodi.

Fundi naye asipewe zote mkupuo, akaingia mitini. Vifaa lipia mwenyewe moja kwa moja kwa till ya hadiwea, ukisoma jina kabla ya kuweka PIN. Kazi ya mikono igawe mara tatu: ukuta ukishavunjwa na kifusi kutolewa, bomba zikishapitishwa na maji kujaribiwa, kisha plasta. Ile ya mwisho usitume hadi umevuta maji ya choo wewe mwenyewe, mara mbili.