Foleni ya elektroni: kwa nini waya usiopoteza stima haujafika Makadara

Nyaya zinazopita juu ya mitaa ya Makadara, Nairobi, hazifikishi stima yote. Kenya Power hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaoununua. Sehemu huibwa, sehemu hugeuka joto elektroni zinapogongana na atomu ndani ya waya. Baadhi ya hasara hiyo huingizwa kwenye bei, na mlipaji ni mwananchi.

Je, upo waya usiopoteza kitu? Upo. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller wa maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, waligundua kauri yenye shaba na oksijeni ambayo ikipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi. Kitu cha namna hii huitwa superkondakta. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel.

Ndani ya kauri hizo, atomu za shaba zimepangwa kama vigae vya sakafu. Kila moja ina elektroni iliyo kama kijisumaku. Sifa hiyo huitwa spini. Kijisumaku kimoja kikielekea juu, jirani yake huelekea chini, na elektroni zote hukwama. Wanasayansi hupunguza elektroni chache, zikabaki nafasi tupu zenye chaji. Nafasi hizo hutembea mbili mbili, bila kupoteza nguvu.

Lakini nafasi zikifika moja kwa kila atomu nane za shaba, baadhi ya kauri hizi hugoma. Fikiria Jogoo Road jioni: magari yapo, barabara ipo, ila yamejipanga mistari na hayaendi. Mwaka 1995, John Tranquada wa maabara ya Brookhaven, Marekani, pamoja na wenzake, waliiona foleni hiyo kwa miali ya nyutroni: mstari wa chaji, ukanda wa spini zilizopangika, kisha mstari mwingine.

Basi mistari ni adui? Si moja kwa moja. Mwaka 2007, vipimo vya kauri yenye mistari vilionyesha kwamba jozi zilitiririka ndani ya kila tabaka, ila zikashindwa kuvuka kwenda tabaka jingine. Huenda nguvu inayopanga foleni ndiyo hiyo hiyo inayounganisha jozi. Mjadala huo haujaisha.

Una faida gani kwetu? Mwaka 2014, mji wa Essen, Ujerumani, ulianza kutumia kebo ya superkondakta ya kilomita 1 chini ya ardhi. Lakini kebo hiyo ilibidi ipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi 200 chini ya sifuri, usiku na mchana, na kupoza ni gharama. Atakayeielewa foleni ya elektroni huenda akajua namna ya kutengeneza superkondakta isiyohitaji baridi kali hivyo.

Siku hiyo ikifika, inshallah, joto la nyaya halitatugharimu tena. Wizi wa stima, huo hauna dawa ya maabara.