Kuivika Mbao Merikebu Ndogo

Mjini Rotterdam, katika nchi ya Uholanzi, kuna nyumba ya makumbusho ya mambo ya bahari. Humo yatunzwa merikebu ndogo ya mti iliyoundwa katika karne ya 15. Zamani iliwekwa kanisani huko Mataró, Hispania, kwa ajili ya nadhiri. Aliyeiunda hakuchimba gogo kama mchonga mtumbwi; alisimamisha mataruma juu ya mkuku, kisha akayavika mbao, moja moja, kama wafanyavyo mafundi wa vyombo vikubwa.

Hata leo wako watu waipendao kazi hiyo. Lakini wanaoanza, wengi huiacha njiani, na mahali wanaposhindwa ndipo hapo penye kutia mbao. Basi, msomaji mpenzi, sikiliza jinsi ifanywavyo.

Kwanza, mataruma. Twaa ufito mmoja wa ubao, uulaze juu ya mataruma yote toka omo hata tezi. Ukiona wagusa pembe tu ya taruma, piga pembe hiyo msasa mpaka ufito ulale sawasawa. Asiyefanya hivyo ataona mabonde na vilima ubavuni mwa chombo chake.

Pili, hesabu. Merikebu ni nene katikati, nyembamba omoni. Kwa hiyo mbao zenye upana mmoja zitapandana. Pima kwa ukanda wa karatasi. Tuseme katikati ni milimita 60, na omoni milimita 36. Kama ubao una upana wa milimita 5, zatakiwa mbao 12. Gawanya 36 kwa 12: kila ubao uchongwe hata ubaki milimita 3 kwenye ncha ya omo. Usipunguze chini ya nusu ya upana wake, maana ncha nyembamba mno hupasuka. Huko tezini mara nyingi mambo ni kinyume: pengo huzidi, nalo huzibwa kwa kipande kilichochongwa kama kabari.

Tatu, kukunja. Samaki mkunje angali mbichi, na ubao vivyo hivyo. Uloweke majini, uukunje polepole juu ya kitu chenye moto, uufunge mahali pake hata ukauke, ndipo utie gundi. Ubao uliotiwa gundi ungali na maji husinyaa baadaye, na nyufa hutokea.

Nne, zamu. Anza karibu na sitaha. Ukitia ubao mmoja kuume, wa pili uwe kushoto. Mbao huvuta, ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utapinda.

Merikebu nyingi za wanaoanza huvikwa mara mbili, na mbao nyembamba za pili huzificha zile za kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi asikate tamaa akiona nyufa: atazijaza vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, apige msasa, aendelee. Ila mkuku uliopinda haufichwi na ubao wowote. Aulinde huo tangu ubao wa kwanza.