Ulinganisho wa Ndege za Kivita katika Mapigano ya Anga ya Uingereza, 1940

Ubora wa ndege ya kivita aghalabu hupimwa kwa kasi na silaha zake. Mapigano ya anga ya Uingereza ya mwaka 1940 yanadhihirisha kuwa kipimo hicho hakitoshelezi. Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani ilikaribiana kwa kasi na Spitfire ya Uingereza, tena iliizidi katika kushuka ghafla: injini yake ilinyunyiziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ilhali kabureta ya Spitfire iliikatia injini mafuta kwa muda pindi rubani alipoinamisha pua ya ndege kwa nguvu. Hata hivyo, Bf 109 zilizotoka Ufaransa zilibakiwa na mafuta ya takribani dakika 10 tu za kupigana juu ya London. Hurricane, iliyozidiwa kasi na zote mbili, iliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire, kwa kuwa ilikuwepo kwa wingi na sehemu yake ya nyuma, iliyofunikwa kwa kitambaa, ilikarabatika kwa urahisi. Aidha, rubani wa Uingereza aliyejiokoa kwa parachuti juu ya nchi kavu aliweza kurejea vitani. Mjerumani aliishia kutekwa. Hivyo basi, ulinganisho wa ndege hizo hauna budi kuzingatia umbali, mafuta na matengenezo, wala si kasi pekee.