Jiko la Makaa Lisilale Chumbani

Askari anayehamishiwa Kabale, mji wa Uganda ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 2,000, hutambua upesi kwamba blanketi moja halitoshi. Baadhi ya watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Desturi hiyo huua.

Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kutoonekana kwa moshi, basi, si dalili ya usalama.

Mwenye nyumba yake na ajenge meko yenye dohani ipelekayo moshi nje. Aishiye katika nyumba za kambi na aongeze blanketi, au aweke kitandani chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishiwa kitambaa. Jiko na libaki nje.

Penye jiko, mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje mara moja, kisha mfikisheni hospitali.