Siri ya Mgonjwa Inavujia Kwenye Karatasi

Malalamiko mengi ya siri za wagonjwa yanayofika ofisini kwangu, hapa Singida mjini, hayahusu wadukuzi wala kompyuta. Yanahusu karatasi. Inayonisumbua kuliko zote ni ile ya mapumziko tunayoiita ED. Daktari anaandika siku tatu, chini yake anaandika na ugonjwa wenyewe, mhuri unagongwa, kisha mfanyakazi anaipeleka kwa msimamizi wake kwa mkono wake mwenyewe. Kufikia saa saba mchana kiwanda kizima cha alizeti kinajua anaumwa nini. Mwajiri alihitaji kujua siku tu.

Nilipoanza uwakili nilitegemea mashauri ya mashamba na mirathi, na hadi leo hayo ndiyo yanayolipa pango la ofisi. Haya mengine ya siri za wagonjwa yaliingia kidogo kidogo. Mama anakuja kwa shauri la talaka, na katikati ya maelezo inajulikana kwamba ugomvi ulianza siku mtu wa dirisha la dawa alipomsimulia wifi yake habari za kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Wapo wagonjwa wa wilaya ya Ikungi wanaopanda basi hadi Dodoma kufuata dawa huku kituo kiko jirani, maana hapo jirani kila mhudumu ni shangazi wa mtu.

Wakili ambaye nimeifuatilia sana kazi yake ni Mkenya, Allan Maleche wa KELIN, shirika la kutetea haki za afya lililoko Nairobi. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye maambukizi. Nia ilikuwa kupanga huduma, na siwezi kuibeza. Lakini fomu inayoweka jina la mtoto na hali yake ya VVU mahali pamoja inapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kufika kwa mpangaji? KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama ilitamka kwamba agizo lile limevunja haki ya faragha na kupuuza maslahi ya mtoto, ikataka ndani ya siku 45 taarifa zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namba za siri, jina lisihusishwe tena na hali ya mtu. Machi mwaka huohuo shirika hilo lilikuwa limeshinda shauri la wagonjwa wa kifua kikuu waliotupwa gerezani Kapsabet mwaka 2010 kwa kukatiza dozi.

Kwetu sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya vipimo yabaki siri. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hiyo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti: kwa kawaida haziguswi bila idhini ya maandishi ya mhusika. Anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, na malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakili Tito Magoti alipopinga baadhi ya vifungu vyake, Mei 2024 Mahakama Kuu ilikubali kwamba vichache havieleweki, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Ugumu uko kwingine. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aape kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Shirika halikuweza tena kujitokeza kirahisi kwa niaba ya wagonjwa wasiotaka kutajwa, na jalada la mahakama lina jina juu yake. Mteja wangu analinda siri. Nami nimwambie aende kuiapa?

Ndiyo maana huanza na barua kwa mganga mfawidhi, bila jina la mteja, nikiomba ED zibaki na siku tu. Kituo kimoja kilibadilisha fomu zake bila mjadala. Kingine kilinijibu kwa barua rasmi, kikiomba kwanza nikitajie mgonjwa ninayemzungumzia ni nani, na anaumwa nini.